Swali la Chungu

3 Machi

Sauti iliyobaki nami leo ni ya gololi ndani ya kopo la rangi. Yule mpaka rangi wa mradi hulitikisa kopo lake kabla ya kupuliza, kacha-kacha-kacha, kama mtu anayetafuta senti ya mwisho kwenye mkebe. Kisha anatulia, rangi inatoka kwa mluzi mwembamba, na mlango wa mtu unageuka namba. Tumezunguka mtaa wa chini kutwa nzima. Kufikia mchana watu walikuwa wanatoka nje kabla hatujapiga hodi. Gololi ndiyo iliyotupigia.

Mama mmoja alisimama mlangoni, mikono imejaa povu.

"Hiyo namba ya nini?"

"Ya utambulisho, mama."

"Mimi natambulika, mwanangu. Uliza yeyote hapa. Wewe ndiye hatukutambui."

Mpaka rangi akacheka. Nikamchukia yeye, nikamchukia mama, kisha nikainakili namba ya mlango wake.

Mimi ni afisa wa jamii wa mradi wa bwawa. Ukuta wa bwawa umekwisha kujengwa. Masika yakikaribia mwisho milango yake itafungwa, na maji yatapanda hadi mtaa wa chini na juu ya paa zake. Wakazi watapewa nyumba kule mlimani, kwenye kile tunachokiita makazi mapya. Namba moja, nyumba moja. Nimesoma chuo kikuu ili nimfuate mtu mwenye kopo.

5 Machi

Mvua. Ofisi yetu ni kontena la bati. Ikinyesha sana, huwezi kusikia mtu akidanganya.

8 Machi

Kikao. Meneja amepiga marufuku neno "kuhamishwa".

"Sitaki kulisikia, sitaki kulisoma. Hakuna anayehamishwa hapa. Watu wanahama. Tusonge."

"Tusonge" ndiyo nukta yake. Humalizia nayo kila sentensi, na nyuma ya mgongo wake ndilo jina lake. Wote tukaandika: kuhama. Kati ya kuhama na kuhamishwa kuna vijisauti vichache tu mwishoni, na ndani ya vijisauti hivyo ndimo anamokaa yule anayekusukuma. Sasa amefutwa. Watu wataondoka wenyewe, kama ndege.

Kushoto kwa Meneja alikaa Mtaalamu, mwenye shahada ya udaktari, aliyehesabu kaya zote za mtaa wa chini masika ya mwaka jana. Huvaa kizibao chenye mifuko mingi, na sijawahi kuona kitu kikitoka katika mfuko hata mmoja.

9 Machi

Ninaishi kwa shangazi, vyumba viwili mjini, juu ya duka la vioo. Shangazi anajivunia kazi yangu kuliko ninavyoweza kuvumilia. Leo, akichambua mchele:

"Hao watu wa bondeni mnawapa nyumba za matofali?"

"Ndiyo, shangazi."

"Za bure?"

"Si za bure. Wanatoa zao."

"Zao zipi, zile za kuomba radhi?" Akapuliza makapi. "Na hapo katikati, hakubaki kajumba kamoja kaliko yatima? Binamu yako amechoka kupanga."

Nikamwambia hapana. Akanitazama kama mtu aliyesomesha ng'ombe.

12 Machi

Mwisho wa mtaa, karibu na mto, kuna nyumba tatu zinazotazama ua mmoja. Ya kwanza ni ya Mshonaji, mjane, cherehani yake iko dirishani ili aone nani anapita na amevaa nini. Ya pili ni ya Msusi, ambaye hana mume wala hamtafuti, na huwasuka wateja wake barazani. Ya tatu ni ya Fundi Baiskeli na mkewe. Mke alipigwa na kiharusi, upande mmoja haumtii, na hatoki kitandani. Namba imepulizwa kwenye mlango wa Mshonaji tu. Milango mingine miwili ni mitupu.

"Sisi tumenusurika," Msusi aliniambia, kitana kikiwa mdomoni. "Maji yakifika yataona hatuna namba, yatapita."

"Yatapiga hodi kwangu," akasema Mshonaji. "Mimi nitayaelekeza kwako."

Wakacheka. Fundi Baiskeli naye akacheka, kichwa kikiwa ndani ya gurudumu. Nikafungua kumbukumbu zetu. Milango mitatu imeandikwa kaya moja. Mkuu wa kaya: Mshonaji. Fundi Baiskeli: "jamaa mwingine". Mke wa Fundi: "mgonjwa". Hakuandikwa kuwa mke wa mtu.

Nikawauliza walihesabiwaje.

"Alikuja bwana wa mifuko," alisema Mshonaji. "Akatukuta tunakula hapa uani. Tukamkaribisha, akakataa. Akauliza, 'Je, ninyi mnakula chungu kimoja?'"

"Mkajibu nini?"

"Tungejibu nini? Tukasema ndiyo, chungu kimoja, toka zamani. Ulitaka tuseme tunarogana?"

Ndipo nikaelewa. Masika mkaa unalowa, na jiko lenye paa zima ni la Mshonaji peke yake. Basi mvua ikianza wanapika pale kwa ajili ya nyumba zote tatu. Kiangazi kila mtu na moto wake. Mtaalamu alikuja masika, akaleta swali ambalo kwenye vitabu vyake ni la upishi, na kwa hawa ni swali la utu. Ukimuuliza mtu mbele ya jirani yake kama wanakula chungu kimoja, umemuuliza kama wanapatana. Nani atasema hapana?

Nikawaeleza: chungu kimoja, kaya moja; kaya moja, nyumba moja. Nyumba ina vyumba viwili.

Cherehani ilisimama.

"Kwa hiyo kosa letu ni kumkaribisha mgeni," alisema Msusi.

"Kosa lenu ni kupatana," nikasema. Nilidhani ni maneno ya akili.

Mshonaji alinitazama juu ya miwani. "Dada, umesomea kusema hivyo, au umejaliwa?"

15 Machi

Kwenye kona ya mtaa wanaishi ndugu wawili, tumbo moja, waliogawana nyumba ya marehemu baba yao kwa ukuta wa mabati. Hawajasalimiana tangu matanga. Walipoulizwa habari ya chungu, kila mmoja alitema mate. Wamepata nyumba mbili, na vyoo viwili.

Nimepitia mtaa mzima. Ni hivyo hivyo kila mahali. Wanaochukiana wamepata nafasi ya kujinyoosha. Waliokopeshana chumvi watalala kama dagaa. Lakini si kwamba nawaonea wote huruma. Nyua zenye upana wa kitanda zimeota bustani kwa usiku mmoja, miche ya matunda imesimama kama askari ikingojea kuhesabiwa na kulipiwa fidia. Nimeng'oa mmoja. Haukuwa na mizizi. Ni tawi tu, limechomekwa.

17 Machi

Nimemwendea Mtaalamu. Alikuwa anakula ndizi kwa kisu na uma.

"'Chungu kimoja' ndiyo tafsiri ya kaya inayokubalika dunia nzima," alisema. "Mimi nimeiweka tu katika lugha ya wananchi. Nililifikiria sana neno lile."

"Daktari, ulipowauliza kama wanakula chungu kimoja, walidhani unauliza kama wanapatana."

"Na wanapatana?"

"Ndiyo."

"Basi tatizo liko wapi?"

Nimekaa chini ya walimu wengi wapumbavu, lakini hawakuwa na gari lenye dereva.

Baadaye, kwa huruma ya mtu aliyeshiba, akaniambia kwamba kamati ya malalamiko inaweza kurekebisha. Yeye mwenyewe atafika mchana, wakati wa chakula, athibitishe kwa macho. "Nikikuta vyungu vitatu, nitaandika vitatu. Mimi si katili. Nafuata ushahidi."

18 Machi

Mvua. Shangazi kaniuliza tena habari ya kajumba.

24 Machi

Nimefanya jambo ambalo leo naliona la busara. Nimewaambia nyumba tatu: siku ya Mtaalamu, kila mtu apike kwake. Na akiuliza, semeni hampatani.

"Tuseme uongo," alisema Fundi Baiskeli. Alisema kama mtu anayejaribu viatu.

"Mseme mnapika mbalimbali. Kiangazi si mnapika mbalimbali?"

"Hawapatani nani na nani?" akauliza Msusi, macho yakimng'aa. "Maana mimi kwa huyu mama nina ya kusema ya mwaka mzima."

"Anza, basi," akasema Mshonaji.

"Wewe ndiye unayemaliza chumvi yangu."

"Na wewe nywele zako zinaelea kwenye maharage yangu."

"Si nywele zangu, ni za wateja. Nywele za kulipiwa hizo."

Fundi alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Kutoka ndani tulisikia na mkewe akicheka, kicheko cha upande mmoja. Nilikwenda nyumbani nikijiona mtu. Wapumbavu wawili wa ofisini nitawashinda kwa mchezo wa kuigiza wa darasa la nne.

4 Aprili

Nitaandika yote, hata ninayotaka kuyaruka.

Mtaalamu alifika mchana, kizibao, mwavuli, dereva akimbebea kiti. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyokulowesha haraka ila haikuachi. Mioto mitatu ilikuwa inafuka: Mshonaji jikoni kwake, Msusi chini ya upenu na mkaa unaolia, Fundi mlangoni kwake akipepea jiko kwa kifuniko cha ndoo. Mtaalamu akauzunguka ua akihesabu sufuria. Ingetosha. Lakini anapenda lugha ya wananchi.

"Sasa mbona mwaka jana mlisema chungu kimoja?"

"Mwaka jana tulikuwa tunapatana," alisema Msusi.

"Na sasa?"

"Huyu mama alinimalizia chumvi."

Mtaalamu akatabasamu. "Kwa chumvi tu?" Hakuamini. Nilimwona haamini, nikawatazama wanawake wale wawili kwa jicho la kuhimiza, kama mwalimu. Hilo jicho ndilo ningelirudisha kama vitu hivi vingerudishwa.

Msusi akaongeza sauti. Akasema Mshonaji ana kiburi. Mshonaji akasema heri kiburi kuliko uvivu. Bado ulikuwa mchezo, kona za midomo zilikuwa zinacheza. Kisha Msusi, akitafuta neno zito zaidi, akasema:

"Angalau mimi sina mtoto aliyenikimbia asirudi hata kunijulia hali."

Nilikuwa sijui kwamba Mshonaji ana binti. Mshonaji aliweka mwiko chini taratibu, ukingoni mwa sufuria.

"Ni kweli," alisema, si kwa ukali. "Mimi nimekimbiwa. Lakini mimi nikiingia kwa mgonjwa, naingia na pua yangu wazi. Wewe unamgeuza yule mama huku umeziba pua kama unageuza mzoga."

Nyumba ya Fundi ina ukuta wa mabanzi, na dirisha lake lilikuwa wazi. Wanawake hawa wawili ndio wanaomgeuza mke wa Fundi kila siku mumewe akiwa kazini, asiote vidonda. Wanamlisha, wanambadilisha, wanazungumza naye. Fundi aliendelea kupepea moto uliokwisha kuwaka.

Mtaalamu alifunika kalamu yake.

"Hawa kweli hawapatani," aliniambia njiani kurudi garini, ameridhika, kama mtu aliyekula vizuri. "Ushahidi hauwezi kuwa wazi zaidi ya huu. Hongera kwa kulileta suala hili."

Nikasema asante. Kinywa changu kilisema chenyewe.

5 Aprili

Sikwenda mtaa wa chini. Nilisema nina mafua.

10 Aprili

Nimekwenda. Mioto mitatu, kila mmoja unafuka kivyake. Hakuna Mtaalamu, hakuna mtu wa kudanganya, na bado mioto ni mitatu. Cherehani imegeuzwa inatazama ukuta.

Nikamwambia Mshonaji mambo yamekubaliwa, nyumba tatu.

"Tumeshukuru," alisema. "Ulikuja ukatukuta na chungu kimoja na kaya moja. Sasa tuna kaya tatu. Tumeendelea."

"Mama, si mlikuwa mnaigiza?"

"Wewe binti, hujawahi kuishi na mtu?" Akauma uzi. "Maneno yale yote tulikuwa nayo. Mimi najua anaziba pua, yeye anajua nimekimbiwa. Tuliyakalia miaka, ndiyo ujirani. Wewe ukatuambia tuyatoe tumwonyeshe mgeni."

Nilitaka kujitetea kwa nia yangu njema. Nimekuwa nikiwadharau watu wa ofisini kwa sababu hiyo hiyo: kila mmoja wao ana nia njema, ameikunja vizuri, anatembea nayo.

16 Aprili

Ugawaji umetoka. Nyumba zao ni tatu, kweli. Mshonaji: safu ya juu kabisa, penye tangi la maji. Msusi: upande wa pili wa korongo. Fundi Baiskeli: safu ya mwisho, nyuma ya machimbo ya mawe. Chini yake Mtaalamu ameandika kwa mkono sababu: kuepusha migogoro.

Ndugu wawili wa kona wamepewa nyumba zinazoshikana ukuta. Wao ni familia.

18 Aprili

Fundi Baiskeli amekuja ofisini. Alivua kofia mlangoni, akaing'ang'ania mikononi.

"Bosi, samahani. Nyumba ni nzuri, nimeiona. Nikienda kazini nani atamgeuza?"

"Majirani wapya, mzee..."

"Majirani wapya hawamjui. Hajui kusema sana, ukimsikia mara ya kwanza utadhani anatukana." Akafikiri. "Wakati mwingine anatukana kweli. Wale wawili wanajua lini."

"Lakini mzee, hao wawili hawasemezani."

"Hawasemezani, ndiyo. Asubuhi anakuja mmoja, jioni mwingine. Wanapishana mlangoni kama wezi. Lakini wanakuja." Akavaa kofia, akaivua tena. "Kutoka penye tangi hadi machimbo hatakuja mtu, bosi. Kwa miguu yao, mvua hii. Hata mimi singekuja."

19 Aprili

Meneja. Nilisimama dakika nzima kabla hajainua macho, kisha nikamwomba nyumba zile tatu ziwekwe karibu karibu.

"Nyumba tatu zilizotenganishwa? Kwani si wewe uliyeleta malalamiko kwamba hawapatani?"

"Niliyaleta kwamba ni kaya tatu."

"Kwa ushahidi gani?"

"Kwamba hawapatani."

"Na sasa wanapatana?"

Nikisema wanapatana, ni kaya moja, vyumba viwili, watu wote watatu na mgonjwa. Nikisema hawapatani, mgonjwa anaachwa nyuma ya machimbo. Mtego ni wangu, nimeusuka mwenyewe.

"Wananchi gani hawa," alisema Meneja, "leo hivi kesho vile. Tusonge."

Kabla sijatoka akanipa kazi. Mwezi ujao wanakuja wageni, wale wanaotoa pesa, na wakubwa wa serikali na wapiga picha. Watapelekwa kwenye nyumba za mfano. Niangalie usafi, funguo zikae kwangu.

21 Aprili

Nyumba za mfano ni tatu, zinazoshikana, zimesimama pale barabara ya changarawe inapoingia makazi mapya. Ndizo pekee zenye dari. Ndizo pekee ambazo milango yake haijavimba kwa mvua. Ndani kuna mapazia, maua ya plastiki, na kapu la matunda ya nta. Hakuna aliyepangiwa kukaa humo. Ni nyumba za kuonyesha kwamba watu wana nyumba.

Nilikaa kwenye kiti kilichofunikwa nailoni nikaliuma tunda moja makusudi. Limebaki na alama za meno yangu. Wageni waliokusudiwa kuliona hawatasogea karibu kiasi hicho.

22 Aprili

Mvua bila kituo. Mto una rangi ya chai ya maziwa.

25 Aprili

Nilikwenda kwa mke wa Fundi. Sikuwa na sababu ya kikazi. Niliingia, na harufu ilikuwapo: mkojo, dawa ya kuchua, nguo zisizokauka. Mkono wangu ulipanda wenyewe kuelekea usoni. Nikaushusha. Aliuona.

"Ziba," alisema. Maneno yake hutoka kwa shida, nusu ya mdomo, lakini ukiinama unayapata. "Ziba tu. Utaanguka."

Nikakaa. Nikamwuliza kama alisikia siku ile. Swali la kijinga, dirisha lile lilikuwa wazi.

"Nilijua siku zote," alisema. "Msusi anaziba pua. Nina macho." Akapumzika. "Na huyu wa cherehani hazibi, lakini anasema muda wote. Kwamba nimekuwa mzito. Kwamba mume wangu hajui kufua. Anasema kama redio." Akapumzika tena, nikadhani amemaliza. "Nani kakuambia mtu anayekuja lazima aje anatabasamu? Aliziba pua, akaja. Mimi nahesabu kuja."

Kisha akaniambia nimgeuze, maana Msusi amechelewa. Sikujua pa kushika. Akanielekeza kwa jicho lake zima: bega, kiuno, sasa vuta shuka. Akatukana mara moja. Nilielewa kwamba ni tusi.

Nimezoea kufikiri kwamba watu wanaosaidiana huwa wanapendana, na wakiacha kupendana kila kitu kimekwisha. Ndivyo Mtaalamu anavyofikiri pia. Yeye anaandika nyumba, mimi naandika shajara, na wote wawili tulikuwa na swali moja la kipuuzi kuhusu chungu.

1 Mei

Tumepewa siku. Malori wiki ijayo, milango ya bwawa mara baada ya hapo, wageni siku inayofuata. Meneja ameagiza tusiseme "siku ya mwisho". Tuseme "siku ya kwanza".

3 Mei

Shangazi aliniona sili.

"Kazi?"

Nikamweleza habari ya nyumba tatu, kwa ufupi. Alisikiliza akipanga vijiko.

"Na hizo za mfano atakaa nani?"

"Hakuna."

"Hakuna," alisema. "Na binamu yako uliniambia hakuna hata kamoja."

"Si za kukaa, shangazi."

"Nyumba isiyo ya kukaa inaitwaje? Jeneza?" Akasukuma sahani kwangu. "Kula. Umesoma mpaka umekuwa mjinga."

6 Mei

Maji yamefika kwenye mawe ya kufulia, na milango ya bwawa bado iko wazi.

8 Mei

Asubuhi hii nimewapa funguo.

Lori lao lilikuwa la tatu kwenye msafara. Dereva alikuwa na karatasi ya ugawaji: tangi, korongo, machimbo. Nikapanda mbele, nikamwambia mpango umebadilika, asimame barabarani kwenye nyumba za mfano. Hakuuliza. Katika mradi huu mtu mwenye beji akisema mpango umebadilika, hakuna anayeuliza.

Nilifungua milango mitatu. Nilibeba maua ya plastiki na matunda ya nta nikayaweka nje kwenye changarawe, mvua iyanyeshee. Kisha nikawaambia wachague.

Hawakuchagua. Mshonaji alisema hatakaa ukuta mmoja na yule. Msusi alisema hata akilipwa. Hawakuambiana wao kwa wao. Waliniambia mimi, mmoja sikio la kulia, mmoja la kushoto, vitanda vikilowa juu ya lori. Nilikuwa nimevunja amri za mradi kwa ajili yao nao wakanikunjia uso kama nimewauzia samaki aliyechina. Zamani kidogo ningewadharau. Leo nilingoja.

"Basi mgonjwa akae katikati," alisema Fundi Baiskeli.

Wakamtazama. Mshonaji akachukua upande wa kulia, Msusi wa kushoto, na kati yao wakamwingiza mke wa Fundi, godoro na yote, wakalishika wanawake hao wawili huku na huku bila kusema neno, Msusi akiwa amegeuza uso pembeni. Mgonjwa aliitazama dari.

"Ina mdudu," alisema.

Mapazia wameyavua. Mshonaji alisema mshono ni mbaya.

Meneja alipiga simu mchana. Nilikuwa barabarani, nguo zimenigandia. Aliuliza kama nyumba za mfano zimefagiliwa kwa ajili ya wageni kesho. Nikamwambia zimefagiliwa.

"Safi. Na maua yapo?"

"Maua yako nje. Ndani mna watu."

Kwa mara ya kwanza hakusema tusonge. Akauliza watu gani. Nikamtajia wote wanne, kila mmoja na kazi yake, na mgonjwa nikasema ni mke wa Fundi. Akauliza nani kawaruhusu, na nikajitaja mimi, jina langu lote, kama lilivyo kwenye beji, ambayo nilikwisha kuivua nikampa dereva wa lori airudishe ofisini kwa niaba yangu.